Mwanangu Hajamaliza

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya mazishi kimekwisha kukuachia. Sisi hapa hatujambo, ukiondoa magoti ya Bibi, ambayo yamekuwa na kiburi kuliko yeye mwenyewe. Shuleni naendelea vizuri. Mwalimu wetu wa lugha amesema insha zangu zimeanza kuwa na mwanzo na mwisho, ila katikati bado napotea. Univumilie basi, maana barua hii ina katikati ndefu.

Ujumbe wako tuliupata kupitia kwa mfamasia, yule wa darasa la Baba. Alikuja baada ya kufunga duka lake, akasimama sebuleni bila kuvua viatu, akatusomea kutoka kwenye simu. Kwamba mwanzoni mwa mwezi ujao litakuja gari kumchukua Bibi kumpeleka kwenye makao ya wazee. Kwamba mimi nitaingia bweni, na nyumba itafungwa mpaka utakaporudi. Na kwamba huwezi kumwachia nyumba ya Baba mtu aliyemnyang'anya Baba tendo lake la mwisho.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Aliuliza jambo moja tu, kama huko kwenye makao wanaruhusu kuwasha udi chumbani. Mfamasia akasema anadhani hapana, kwa sababu ya moto. Bibi akasema basi, akaendelea na maharage. Tangu siku hiyo amekuwa akikunja nguo zake na kuzikunjua, na nikimuuliza anasema anatafuta nondo wanaokula nguo.

Ndiyo maana nakuandikia. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana nakujua, ukikasirika unaruka mistari.

Ulipoondoka nyumbani mara ya kwanza, Baba akiwa mzima, darasa lake la Alhamisi halikuwa linajaza hata mkeka mmoja. Baadaye ilibidi tutoe makochi nje. Walikuja walimu wenzake, wauguzi, mfamasia na mkewe, hata yule hakimu mstaafu ambaye akikaa chini lazima ainuliwe. Baba aliwafundisha kukaa kimya na kufuata pumzi, kisha akawaeleza mafundisho ya Budha kama alivyoeleza fizikia shuleni. Alisema wanafalsafa wa Magharibi waliitafuta nafsi kwa hoja wakarudi mikono mitupu, na Budha aliitafuta kwa kukaa kimya, naye akarudi mikono mitupu, na pande mbili zikifika jibu moja kwa njia mbili, mwanasayansi hukaa mkao wa kusikiliza. Alikuwa na picha za ubongo wa watawa zilizopigwa kwa mashine. Kuzaliwa upya alikuweka kando, pamoja na kusujudu na udi. Aliwaambia hii si dini, ni maabara, na mwili wako ndio chombo chako.

Bibi aliachwa na sanamu yake ya Budha jikoni, kwenye rafu ya juu ya jiko. Hakununa. Wageni wakimuuliza anaonaje darasa la mwanawe, alikuwa anawaambia kwamba alimzaa, akambeba mgongoni mpaka hekaluni, akamsomesha mpaka akavuka bahari, na sasa amerudi na vitabu vya Wazungu kumweleza Budha ni nani. Wote wanacheka, na Baba anacheka kuliko wote. Siku nyingine alimwambia Baba usoni kwamba wamemsugua Budha kwa sabuni mpaka limebaki povu. Baba akamjibu kwamba chini ya uchafu hakukuwa na mtu, Mama, hilo ndilo fundisho lenyewe. Walikuwa wanapendana hivyo, kwa kuchokozana. Nadhani wewe uliwahi kuyaona haya yakianza.

Alipoambiwa kwamba saratani imefika kwenye ini na hakuna la kufanya, Baba aliomba afie nyumbani. Alilitangazia darasa Alhamisi ileile, kwa sauti ya kawaida, kama anatangaza mtihani. Akawaambia ameandikisha macho yake hospitalini, yatolewe mara atakapokata roho, apewe mtu asiyeona. Alisema Budha alisifu kutoa kuliko kitu chochote, na kwamba yeye hatakuwepo kusikia maumivu, kwa kuwa hata sasa hayupo kwa namna wanavyodhani. Mke wa mfamasia alilia. Mfamasia aliandika maneno yale, na nasikia sasa yamebandikwa dukani kwake, karibu na dawa za kikohozi.

Bibi alisikia yote kutoka jikoni. Yeye alilelewa akijua kwamba mtu hafi mara moja kama taa inavyozimwa. Pumzi ikikatika, fahamu bado inatoka polepole, na mwili unaachwa bila kuguswa, watu wanaimba taratibu mpaka imalize. Ukiushika mapema, yule anayeondoka anashtuka, anaondoka na hofu.  Lakini alimwambia Baba tu kwamba macho ni yake.

Sasa nifike siku yenyewe, ambayo wewe umesimuliwa na mfamasia.

Baba alikata roho mchana, mimi na Bibi tukiwa tumemshika miguu. Mfamasia alikuwa sebuleni na watu wachache wa darasa. Akapiga simu hospitalini kama walivyokubaliana na Baba. Akaja bwana wa macho, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, amebeba sanduku dogo la barafu. Alitupa pole kila mmoja kwa zamu. Alipogeukia mlango wa chumba, Bibi alikuwa ameshaburuta kigoda cha jikoni na kukaa katikati ya mlango.

Bibi alimwambia, "Mwanangu hajamaliza. Subiri."

Yule bwana alieleza kwa heshima kwamba macho hayasubiri, yana saa zake, na zikipita ni kazi bure. Akaongeza kwamba wodini kuna mama anayeandaliwa kwa upasuaji, ameshaambiwa asile wala asinywe. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia anamwonea huruma sana mama huyo, na hakusogea. Mfamasia ndipo alipopandisha sauti. Alisema hizi ni imani za zamani, Mwalimu mwenyewe hakuziamini, na kumzuia leo ni kumfanya mwongo mbele ya watu wote aliowafundisha.

Bibi akamwambia, "Alikuwa wenu siku za Alhamisi. Leo ni wangu."

Kisha akageuza uso kuelekea ndani, akaanza kuimba. Hakuna aliyethubutu kumvuka bibi kizee anayemwimbia mwanawe. Bwana wa macho aliketi nje barazani akasubiri. Nilimpelekea chai, ikapoa mkononi mwake. Jua lilipoanza kuzama alipiga simu, akasema maneno machache, akaondoka na sanduku lake, amelibeba kwa uangalifu uleule kana kwamba lina kitu.

Hivyo ndivyo ulivyosimuliwa, na hakuna uongo ndani yake. Mimi nilikuwepo muda wote, nimesimama ukumbini na sinia. Wewe ulipofika kesho yake na kumfokea Bibi mbele ya watu, nilikuwepo pia. Yeye aliinamisha kichwa akasema samahani mjukuu wangu. Mimi nikatazama sakafu.

Kaka, aliyeomba asiguswe ni Baba.

Ilikuwa siku chache kabla. Watu wa darasa walikuwa wametoka kumtembelea, wamekaa naye kimya, naye amewatabasamia kila mmoja, wakaenda zao wakisema hawajapata kuona utulivu kama ule. Mlango ulipofungwa, lile tabasamu likamtoka kama nguo iliyokosa kifungo. Alinishika mkono hapa juu ya kiganja, na nguvu yake ilinishangaza, maana kijiko alikuwa hawezi kukishika. Niliona anatetemeka. Nikafikiri ni maumivu, nikataka kumfuata Bibi alete dawa. Akanizuia.

Aliniambia, "Chiriku, mimi sijui. Nimewaambia watu hakuna mtu humu ndani, na mtu huyo anaogopa sana."

 Nilimwambia afuate pumzi, kama anavyotufundisha. Akasema amejaribu, na kila akiifuata anaona inakoelekea. Kisha akaniomba kwamba akifa asiguswe, wamwache atoke kwanza, kama kuna wa kutoka. Na Bibi amwimbie zile sala za utotoni mwake, ambazo yeye Baba hakuziimba tena tangu arudi masomoni. Nilimuuliza kuhusu macho. Nilimuuliza kabisa, Kaka, nisidanganye, nilisema je huyo atakayeyasubiri? Baba alilia bila sauti, machozi yakaingia masikioni kwa vile amelala chali, nikawa nayafuta kwa ncha ya shuka. Alisema anajua. Akasema anajua ni vibaya, na bado anaomba.

Halafu akaniapisha nisimwambie mtu. Alisema wale wa Alhamisi wamejenga juu yake, wengine wana wagonjwa wao, wengine ni wagonjwa wenyewe, na wakijua kwamba mwalimu wao alifika mlangoni akarudi nyuma, hawatakuwa na pa kukanyaga. Niliapa. Nilikuwa tayari kuapa chochote ili mkono wangu auachie.

Kwa hiyo alipokata roho, na bwana wa macho akibisha hodi, nilimnong'oneza Bibi maneno mawili tu: Baba asiguswe. Aliniangalia. Hakuniuliza nani kasema wala kwa nini. Akaenda jikoni kuchukua kigoda. Na yote yaliyosemwa baadaye, ya ushamba wake na uchawi wake na kumpofusha mtu asiyemjua, aliyapokea peke yake. Hakuwahi kusema ni huyu mtoto aliyeniambia.

Baada ya ujumbe wako nilimweleza kila kitu, nikamwambia nitakuandikia. Nilidhani atafurahi kujua kwamba Baba alimrudia. Alilia kidogo, kisha akanikataza. Alisema mwanawe aachwe alivyo kwenye midomo ya watu, na yeye mahali pa kulala hapamsumbui, hata Budha alilala chini ya miti. Nikamwambia Budha hakuwa na magoti kama yake. Hakucheka.

Kwa hiyo kwa barua hii moja nimevunja ahadi niliyompa marehemu na amri ya aliye hai. Nimelifikiria sana jambo hili. Baba alitufundisha tusiongeze kitu kwenye kile tunachokiona, wala tusipunguze. Siku ile alitazama akaona hofu, akasema ni hofu, ingawa alinisemea mimi peke yangu. Sioni kwamba hilo linaharibu aliyoyafundisha. Lakini mimi ni mtoto wa shule, na labda najifariji. Nikikaa kimya na kufumba macho bado namwona yule mama wa wodini aliyeambiwa sasa unaweza kula. Nilikwenda hospitalini kuuliza habari zake. Hawakuniambia, walisema ni siri ya mgonjwa. Nikauliza kama mimi naweza kuandikisha yangu, wakasema nirudi nikiwa mtu mzima. Nitarudi.

Darasa bado linakutana, sasa kwa mfamasia. Kama utawaambia au hutawaambia, nakuachia wewe, kwa kuwa mimi sina nguvu ya kuamua mawili. Ninaloomba ni moja. Usilete lile gari. Bibi hakumnyang'anya Baba kitu. Alimpa alichoomba, bila kujua kwamba kimeombwa, na amekilipia kwa jina lake. Kama lazima mtu aondoke kwa ajili ya siku ile, nitaondoka mimi, ambaye nilikuwa na neno moja la kusema nikabaki na sinia.

Ukiweza, njoo mwenyewe. Chumba cha Baba tumekifungua madirisha, hakina harufu ya dawa tena. Hatukusogeza kitu chake.

Bibi anakusalimu sana. Hajui ninachokuandikia, anadhani ni habari za mitihani. Ameketi hapa kando yangu anashona mfuko wa mto, na ameniambia nikuulize kama huko uliko unakula vizuri, kwa sababu siku ya mazishi aliona mabega yako yamebaki mifupa.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku