Saa Sita Nilizomhesabia Mama

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu nakupa, ingawa najua sauti yangu imeshakuchosha. Barua hii naiandika wazi, aisome kila aliyekaa matangani kwetu Wingwi, kwa sababu unasemwa vibaya, nami nimenyamaza.

Unaikumbuka siku mama alipokataa kukupa radhi uende Maskati kufanya kazi za nyumbani? Ulikuwa jikoni unapuliza moto, machozi yanakutoka, unasingizia moshi. Mimi nikatoa simu nikamsomea: Chake mpaka Unguja nusu saa, Unguja mpaka Maskati saa tano na ushei hewani. Jumla saa sita, mama. Alifikiri kidogo, akacheka. "Kumbe karibu. Mie nikenda Unguja kwa meli natapika nusu ya siku." Akakuombea dua palepale, nawe ukanibusu mkono. Nilijiona mtu wa maana sana.

Tangu hapo jirani akimuuliza habari zako, anajibu upo hapa tu, saa sita. Hata alipoanza kuumwa hakutaka uambiwe. Alisema ikizidi utapanda ndege asubuhi, mchana uko naye.

Alifariki alfajiri. Nilipokupigia ulilia, kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Kaka, paspoti anayo tajiri wangu. Kaifungia, kasema ningoje mwezi uishe." Ulidhani ni habari mpya kwangu.

Ami Hamadi aliniuliza unafika saa ngapi. Nikamwambia upo njiani. Mungu anisamehe. Kwa neno langu hilo mama, keshaoshwa na kukafiniwa, akawekwa tangu adhuhuri mpaka alasiri, na unajua kwetu maiti hacheleweshwi. Watu walikaa uani wakitazama barabara. Mwisho ami akasema, "Yakhe, tumsitiri bibi wa watu." Niliingia kaburini mwenyewe kumpokea.

Sasa wanasema saa sita tu zimekushinda, umenogewa na Uarabuni hata mzazi hukumjali. Wananipa pole kwa kuwa na ndugu kama wewe, na mimi hiyo pole naipokea.

Basi wajue. Wakala alipokuja kukuandikisha aliniita pembeni, akaniambia paspoti itakaa kwa tajiri mpaka mkataba uishe, hata ukitokea msiba. Akataka nikuelezeni. Sikukwambia wewe wala mama. Nilijua mama angekataa, nami nilishachoka kutegemewa peke yangu na nyumba nzima. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi.

Na kuna hili ambalo hata ami halijui. Siku yake ya mwisho mama alitaka uitwe, nikamdanganya kuwa nimeshakuita na unakuja. Kila mlango ukigongwa aligeuza uso. Jioni akaniuliza, "Zuhura hataki kuja?"

Nilikuwa na jibu, Zuhura. Nikamfunika shuka, nikamwambia alale.

Sikuombi radhi leo. Nakuaga,

Kaka yako.