Puli Mbili kwenye Gari la Daktari wa Meno

Gerejini, chumba cha nyuma,
Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Mapacha wako hawajambo? Bado wanagombania kitanda cha dirishani? Huku Mama hajambo, anakusalimu sana, ila kumuuguza kaka yako kumemchosha mpaka amekuwa mkali kuliko sisi wanaume, na wewe unatujua tulivyo.

Kuhusu Baba, jicho la kushoto ndiyo basi tena. Daktari wa hospitali alituambia wiki iliyopita, na Baba akamtupia bilauri ya maji. Kidonda chenyewe kinapona. Anakula, anatembea, anatukana. Kwa hiyo usiwe na hofu juu ya maisha yake.

Barua yako tuliipata. Umeandika kwamba mdogo wangu Sindano hali wala halali tangu aje kwako, na ameapa hatashika spana tena mpaka anaingia kaburini, kwa sababu ametoboa jicho la baba yake. Nimeisoma mara nne, Shangazi. Mara ya nne niliupiga mlango wa choo, sasa hauna kitasa. Nakuandikia kwa sababu uliyoambiwa ni nusu ya habari, na nusu nyingine ninayo mimi.

Gari ni la daktari wa meno, lile jekundu la mbio, viti viwili. Alishindwa mbio na mwenye duka la dawa, akaja gerejini anatetemeka kwa hasira, mtu mpole vile, anasema anataka nguvu zaidi, hataki maelezo. Gari hilo lina supachaja, yaani pampu inayoishindilia injini hewa. Inazungushwa na mkanda unaopita kwenye puli mbili, yaani vigurudumu vya kupitishia mkanda; kubwa iko chini kwenye injini, ndogo iko juu kwenye pampu. Ukiweka ya juu ndogo zaidi, pampu inazunguka kwa kasi na presha inapanda. Ukiweka ya chini kubwa zaidi, matokeo ni yaleyale. Unachagua moja. Ukifanya zote mbili, unajitafutia balaa.

Sindano alitaka kushusha ya juu, kutoka milimita themanini na tano hadi sabini na tano. Mimi nikamwambia puli ndogo hivyo mkanda hauna pa kushika, utateleza na kuungua. Bora tuongeze ya chini, kutoka mia moja sitini hadi mia moja sabini na mbili. Tulibishana siku tatu. Siku ya tatu alinirushia nyundo, ikapita karibu na sikio. Nikamkaba juu ya meza ya kazi mpaka macho yakamtoka pima. Baba alitutenganisha kwa bomba la chuma, mimi begani, yeye pajani.

"Puli za hili gari haziguswi!" akasema. "Mimi nitatafuta nguvu kwenye bomba la moshi na mafuta. Anayetaka puli ndogo akaifunge kwenye cherehani ya mama yake."

Basi tukanuniana, mimi na Sindano. Wiki nzima tukipeana spana kwa kurushiana.

Jumatatu iliyofuata Baba alipotoka kutafuta oili, niliingia kwenye shimo la chini ya gari nikafunga ile kubwa yangu. Mkanda ulikaza kupita kiasi, nikausukuma hivyohivyo, nikasema nitautafutia mwenzake mrefu kidogo. Sikumwambia mtu. Nilitaka gari liruke, halafu nimtazame Sindano usoni mbele ya watu. Hicho tu ndicho nilichotaka, Shangazi, na naona aibu kukiandika.

Jumanne nilitumwa kuvuta lori lililokwama, nikashinda huko. Sindano naye akaingia kwa juu, akafunga sabini na tano yake. Naye hakumwambia mtu. Wazimu wetu ni mmoja, tumezaliwa nao.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo kisa kilipo. Ukipunguza puli ya juu, mkanda ni lazima ulegee. Wa Sindano haukulegea. Ulikaa vizuri kabisa, kwa sababu nafasi aliyoiachia juu, mimi nilikuwa nimeshaijaza chini. Ya chini haionekani mpaka ushuke shimoni. Akadhani ni bahati.

Jumatano tukalipandisha gari kwenye roli za kupimia nguvu, likafungwa kwa minyororo, daktari wa meno na watu wengine wakitazama. Mimi nilikuwa ndani, mguu kwenye mafuta. Baba alisimama mbele, boneti wazi, kichwa amekiinamisha, maana yeye anaamini sikio lake kuliko mashine. Kawaida presha ya gari hilo haizidi paundi nane. Ilipofika kumi nikacheka peke yangu, nikasema hiyo ndiyo puli yangu. Ikafika kumi na mbili. Ilipofika kumi na tatu nilijua kuna jambo, na mguu sikuutoa. Nilikuwa naona utamu.

Pampu ikakwama kwa kishindo, mkanda ukakatika, ukaruka nje ya boneti na kumchapa Baba usoni. Alikaa chini taratibu, damu inapita katikati ya vidole, anasema, "Zima. Zima gari."

Sindano alikuja mbio kutoka stoo analia. "Ni mimi! Nimeweka sabini na tano! Baba nisamehe, ni mimi!"

Shangazi, palepale nilijua. Hesabu ilijipiga yenyewe kichwani kabla hajamaliza kusema. Nikatoka garini nikampiga. Nilimpiga ngumi akaangukia matairi, nikamwinua kwa kola nikampiga tena. Hakurudisha hata moja, yeye aliyenirushia nyundo wiki moja nyuma. Alikuwa ananitazama tu na damu puani, ananiuliza, "Lakini mkanda haukulegea, kaka. Mbona mkanda haukulegea?"

Aliuliza mara mbili. Alipofungua kinywa mara ya tatu nilimpiga ngumi ya kinywa, kwa nguvu zangu zote, ili asimalize. Watu walidhani nalipiza jicho la Baba. Mimi nilikuwa namziba mdomo. Meno mawili yakadondoka, na daktari wa meno mwenyewe akainama akayaokota, akayafunga kwenye leso.

Jioni hiyo ndipo alipokimbilia kwako. Kesho yake, wote wakiwa hospitali, niliifungua puli yangu nikaitupa kwenye vyuma chakavu. Kwa wiki tano nimekula, nimelala, na nimemsikia Baba akisema jina la Sindano lisitajwe humu ndani, nami nikaitikia ndiyo Baba. Halafu ikaja barua yako.

Jumapili baada ya chakula niliifukua ile puli nikaiweka mezani mbele ya Baba, nikamweleza yote. Hakutaka kupimiwa. Aliizungusha mkononi, akapitisha kidole kwenye mifereji yake, akajua ni saizi gani na ilitoka wapi. Kisha akanipiga nayo mbavuni. Nilipoanguka akanifuata chini, akanipiga mgongoni, akanipiga pajani, kibandeji kikamtoka jichoni naye hakujali. Mama hakumshika. Alisogeza sahani tu zisivunjike. Mbavu mbili zimepasuka, naandika nimeegemea mto.

Alipochoka akakaa sakafuni karibu yangu, anahema. Halafu akasema, "Yule mtoto alikuwa anauliza swali la maana. Gereji nzima hakuna aliyemjibu." Akafuta uso. "Nenda kamjibu."

Kwa hiyo nakuja, Shangazi. Barua hii inanitangulia kwa siku moja au mbili; Jumamosi mchana nitakuwa mlangoni kwako. Tafadhali msomee yote, usiruke mahali, hata pale pa mdomo. Mwambie mkanda haukulegea kwa sababu yangu, na kwamba Baba sasa analitaja jina lake kutwa nzima mpaka Mama anamwambia anyamaze.

Nisalimie mapacha, waambie wasigombanie kitanda, wamtazame kaka yao mkubwa alivyoishia. Nisalimie na jirani yako fundi viatu. Mungu akupe afya na akupunguzie wageni kama sisi.

Sindano akitaka kunipiga, usimzuie. Sitanyanyua mkono, nakuapia. Ila ukiona ameokota chuma mnyang'anye, Shangazi, sitaki naye aje aandike barua kama hii.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nakupenda hata mbavu zikiuma,

Nondo