Viti Ulivyotuma Kuomba Kwangu, Rispa

Mchumba wangu wa zamani Rispa,

Salamu siandiki. Barua hii naiweka mahali watu wote wataisoma, kwa sababu ningeituma kwa bahasha ungewashia nayo jiko.

Unakumbuka Matete, karakana yangu ya mabati kando ya soko? Ulikuwa unakujanga jioni na viazi vitamu vya moto ndani ya leso, unaketi juu ya mbao unaniangalia nikipiga randa. Ulisema unapenda harufu ya mti wa mukomari. Nikakutengenezea kiti. Msumari hata mmoja hakuna, ni ulimi wa mbao kuingia kwenye tundu lake na kukaa humo milele. Hapa kwetu hakuna mwingine aliyejua kazi hiyo, na mpaka leo hakuna, wacha waseme. Ulikikalia ukacheka, "Wewe Nasio, kiti kigumu kama kichwa chako!" Siku hiyo nilijua nitakuoa.

Halafu akaja karani wa mjini na kochi la dukani juu ya pikapu, bado limevaa nailoni. Mama yako alilizunguka akilipapasa kama ng'ombe wa mahari. Akaniambia mbele yako, "Fundi, mtoto wangu hawezi kukaa kwa mbao kama yuko kanisani." Wewe ukanyamaza. Kiti changu nilikikuta baadaye kwa nyumba ya kuku, kuku wanalala juu yake. Huyo karani uliyeolewa naye alishakufa, Mungu amlaze, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni wewe uliyenyamaza.

Sasa tuje mwaka huu. Kijana wako Wafula alifika hapa na pikipiki kutoka kwako Shirere, jasho linamtiririka. Wageni wa mahari ya dada yake wanakuja kesho yake, na makochi yenu mapya, vijana wamekaa tu kutazama mpira, moja limepasuka katikati na lingine limepiga magoti. Ndani kumbe ni maboksi, na maranda yaliyobandikwa kwa gundi.

"Baba, mama anasema utusaidie na viti."

"Mama yupi?"

"Mama Rispa."

"Sema tena, masikio imezeeka."

Nilimfanya aseme mpaka wateja wote wakasikia.

Niliwapa. Lakini unajua viti vya kuazimana huandikwa jina, visipotelee matangani. Vyangu vilikuwa na jina dogo chini ya kikalio. Siku hiyo nilichukua rangi nyekundu nikaandika mgongoni, herufi kubwa kama za hoteli: FUNDI NASIO MATETE. Sikusoma sana, lakini jina langu naliandika kushinda karani yeyote.

Sikualikwa, ila niliambiwa. Baba ya bwana harusi, mzee mnene wa Mayoni, alijitupa kwa kiti. Kiti hakikulia. Akainuka, akakigeuza, akakigonga, akakuuliza mbele ya wakwe wote, "Huyu Nasio ni nani yenu?"

Ukajibu, "Ni fundi tu ninayemjua."

Tu! Mke wa kaka yako akadakia, "Sema ukweli, Rispa! Huyo si alikuwa karibu kuwa bwana yako?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka hapa Matete nilipopata habari, mpaka nikaweka randa chini.

Jana Wafula alirudisha viti, na neno lako kwamba unataka kuvinunua. Hapana. Hata ukija na ng'ombe, hapana. Kalia maboksi yako.

Huyo mzee wa Mayoni ndiye alikuja mwenyewe. Ameagiza meza, viti, kabati na kitanda, vyote vya nyumba ya mwanawe. Ni nyumba ya binti yako, Rispa. Nimeshaanza kuranda. Wajukuu wako watajifunza kusimama wakishika miguu ya meza yangu. Na siku utaenda kuwaona, umechoka na safari, watakuvutia wewe nyanya yao kiti, "Kukhu, keti." Kingine cha kukalia hapo hakuna.

Kwaheri, mbao zinaningoja.

Ni mimi mchumba uliyemwacha,
Fundi Nasio, Matete