Hereni za Nikeli, Bangili ya Bronzi

Mpendwa dada Namkunda,

Shikamoo. Nakuandikia mahali ambapo hata wengine watasoma, mimi ambaye nikitumwa dukani husubiri wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka. Kwenye simu nilishindwa. Uliposema, "Mama kaniambia hereni zangu umezifungia kabatini. Kumbe vitu vya stendi havikufai, msomi," nilijibu samahani tu. Ukasema utamtafuta mwingine wa kumshika mwanao siku ya ubatizo.

Unakumbuka siku uliyoninunulia hereni zile? Tulikuwa stendi ya Same, unasubiri basi la kwenda kwa shemeji Tabora, upepo unatujaza vumbi. Muuzaji akasema, "Silva hiyo, dada, haipauki mpaka mjukuu aivae." Ukamjibu, "Mjukuu wa nani, wako au wangu?" Ukanivalisha mwenyewe, ukanitazama, ukasema sasa nimekuwa mtu. Sikuwahi kuambiwa hivyo.

Mkononi nilikuwa na bangili ya bibi, ile ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Nikitoka jasho ilinichora mstari wa kijani, na shuleni niliuficha kwa mkono wa sweta. Baada ya mtihani wa kidato cha nne nilirudi nyumbani mlimani, nikafanya jaribio langu. Niliweka bangili na hereni moja kwenye sahani, nikaziloweka kwenye ndimu na chumvi. Kulipokucha bangili ilikuwa na ukungu wa kijani, hereni inang'aa vilevile. Nikajaribu kuzikunja. Bangili ilifuata mkono wangu ikabaki imepinda, ndoana ya hereni ikajirudi ilivyokuwa. Nilijua si fedha. Aloi nyeupe kama ile, yaani mchanganyiko wa metali, mara nyingi hupata weupe wake kutoka kwenye nikeli. Nikaamua nikeli ni bora kwa kila kitu. Bangili nikaivua.

Haukupita muda masikio yakaanza kuwasha, yakavimba, yakatoa maji, halafu usaha. Nilidhani ni uchafu wangu. Nikawa nayasugua kwa sabuni na kuzirudisha hereni palepale. Kwenye kwaya, mwenzangu wa sauti ya pili akasema wote wakisikia, "Jamani, hizo ni hereni au umetundika maandazi?" Nilicheka nao. Tangu hapo nikawa najifunga kitenge kichwani hadi shingoni, na mama akiniuliza nasema nasikia baridi, jua likiwaka.

Mwishowe nilikwenda zahanati peke yangu. Nesi alinifungua kitenge taratibu, akasema, "Si uchafu, mwanangu. Kuna ngozi hazipatani na nikeli. Jasho huitoa kidogo kidogo, hata kama hereni yenyewe haionyeshi." Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimepima kama madini yale yanaumia, wala sikupima kama yanaumiza. Kile kijani cha bronzi kilichonitia aibu miaka yote kilikuwa kinatoka kwa maji na sabuni.

Ndiyo siku niliyozifungia kabatini, dada. Nimezizungushia leso safi. Sikukuambia kwa sababu sikuona namna ya kusema kwamba kitu ulichonivalisha kwa mikono yako, ukifurahi vile, kilinitoa usaha. Niliona afadhali unidhanie nina maringo. Sasa umenidhania hivyo, na sijui nifiche wapi uso wangu. Kila mama akiongea na wewe kwenye simu natoka nje kuchota maji hata kama ndoo zimejaa.

Tundu la sikio la kushoto limeziba, la kulia lina kovu. Nitakuja kwenye ubatizo masikio yakiwa matupu, bila kitenge, nawe utayaona. Kama umeshampata mwingine wa kumshika mtoto, nitakaa benchi la nyuma na sitanung'unika. Kama hujampata, mikono yangu ni mizima.

Msalimie shemeji.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hajui kuongea.