Imeandikwa Haina Sukari

Ipogolo, Iringa
Jumatatu asubuhi

Kwako kaka Ambakisye,

Shikamoo. Naamini wewe, wifi na watoto mmeamka wazima hapo Igawa. Mimi mwili ni mzima. Moyo sio mzima, na sababu utaisoma humu. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu umenikatia mara mbili kabla sijamaliza kusema. Naomba usome mpaka mwisho, ukiwa umekaa.

Wifi alinipigia Ijumaa. Akaniambia hospitali wamemkata baba kidole gumba cha mguu wa kushoto. Akasema siku mlipomfikisha, kile kimashine cha kupima sukari hakikutoa hata namba, kilionyesha tu kwamba imepita uwezo wake. Nesi akauliza mzee anakula nini. Na wewe ukajibu, mbele ya wodi nzima, kwamba mzee anakula protini safi kutoka Iringa, ila mama anampikia wali kwa siri. Mama akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo umemkataza kupeleka chakula hospitalini.

Kaka, mama hakupika wali wowote. Sukari iliyomla baba mguu ilitoka huku kwangu, ndani ya vile vipande vya protini tunavyotengeneza kiwandani, ambavyo baba mwenyewe anaviita vitofali.

Unajua kazi yangu kiwandani ilikuwa kupima na kuchanganya. Mwaka wa kwanza tuliweka karanga, unga wa soya, maziwa ya unga na tende kidogo za kushikisha. Juu ya karatasi yake ya kufungia imeandikwa gramu ishirini za protini, na chini yake kwa herufi kubwa: haina sukari. Niliamini. Ndiyo maana baba alipoanza kukonda kwa ugonjwa wake wa sukari nilituma katoni ya kwanza, na wewe ukaagiza nyingine za kuuza dukani kwako, madereva wa malori wakazipenda.

Mwaka huu karanga zikawa ghali. Asubuhi moja tukakuta madumu ya shira yamepangwa ukutani, na magunia ya unga wa muhogo. Soya ndoo tatu ikawa ndoo moja. Maziwa yakaachwa kabisa. Nikamuuliza meneja, "Na lebo tutabadilisha lini?"

"Lebo zipo nyingi stoo. Tumalizie kwanza hizo."

"Lakini zimeandikwa haina sukari."

"Wewe umeona mtu anamwaga sukari humu? Hiyo ni shira."

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, kaka. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Nilijua shira ni sukari iliyochemshwa, hata mtoto anayekula kashata anajua, na bado nikacheka, nikainua ndoo, nikaendelea. Nikawaza kipande kimoja kwa siku hakiwezi kumdhuru mzee. Nikaendelea kutuma katoni.

Sikujua kama unampa vinne. Sikujua kama ulimwambia mama aache kumpikia uji wa ulezi na maharage kwa sababu hicho ni chakula cha kizamani. Wifi ndiye aliyeniambia. Baba wa watu alikuwa anaamka, anapewa viwili, mchana kimoja, jioni kimoja, na kila kidonda cha kidoleni kilipokataa kukauka mlimwongezea ili apate nguvu.

Baada ya simu ile nilichukua karatasi moja ya kufungia nikaisoma yote, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Pembeni, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, imeandikwa kwamba hizo gramu ishirini ni za vipande viwili. Kwa hiyo hata zamani, wakati tunaweka karanga zetu na maziwa yetu, tulikuwa tunadanganya nusu. Siku hizi sijui tunadanganya kiasi gani. Hakuna aliyepima.

Jumamosi nilienda kazini sijalala vizuri. Akaja mteja, Mama Bhavna, Mhindi mwenye duka la vyakula hapa mjini, mzaliwa wa hapahapa, Kiswahili chake kinanyooka kuliko changu. Meneja akamleta mpaka kwenye meza yetu. Yule mama akachukua kipande, akakigeuza, akauliza, "Mume wangu ana sukari miaka mingi. Hiki anaweza kula?"

"Bila wasiwasi, mama. Soma hapo mwenyewe."

Nikasema, "Hapana, mama. Usimpe. Baba yangu amekatwa kidole juzi kwa sababu ya hivi."

Meneja akasema, "Huyu ana matatizo nyumbani, amechanganyikiwa."

Mama Bhavna hakumtazama. Akaniuliza mimi, "Kuna nini ndani?"

Nikampeleka kwenye dumu, nikafungua kifuniko, nikamchovyea kijiko. Akaonja. Akamwambia meneja, "Leo hii utume gari dukani kwangu ubebe kila kitu chako." Akaondoka na kijiko chetu mkononi, nadhani alisahau.

Meneja akaniambia sina kazi. Nikamwambia najua. Nikavua aproni. Wale tuliocheka pamoja siku ile hawakuinua macho kutoka mezani. Nina hasira nao. Nina hasira na meneja, na wewe, na mikono yangu hii. Leo ofisi zilipofunguliwa tu nimepeleka karatasi ya kufungia kwa watu wa shirika la viwango, pamoja na maelezo na jina langu kamili. Wameyapokea. Tutaona.

Sasa sikiliza. Katoni zilizobaki dukani zitoe leo, uzichome nyuma ya nyumba. Usiniambie unamalizia zilizopo kwanza, maana hilo ni neno la meneja, nimeshalisikia. Madereva wakiuliza, waambie ukweli. Hao wanakula vitofali hivyo badala ya chakula, halafu wanaendesha mpaka Tunduma. Baba arudishiwe maharage yake, na uji kwa kiasi atakachosema nesi.

Nisalimie shangazi wa Chimala anayelala na baba hospitalini, mwambie nimesikia anavyojitoa. Msalimie baba mkubwa kule mashambani Rujewa, na mpe pole kwa ng'ombe walioingia kwenye mpunga wake. Wifi mwambie asante. Usimgombeze kwa kuniambia, yeye ndiye pekee humo ndani aliyekumbuka kwamba mimi pia ni mtoto wa baba.

Alhamisi nakuja, nitashukia moja kwa moja hospitalini. Wifi anasema baba anawasimulia wagonjwa wenzake kwamba binti yake anatengeneza chakula cha nguvu Iringa. Nitakaa kitandani kwake nimwambie mwenyewe nilichokuwa nachanganya, na akitaka kunifukuza atanifukuza. Hilo niachie mimi, usimwambie kabla.

Lakini kwa mama usinisubiri. Ulimwaibisha mbele ya wodi nzima, basi kamwombe msamaha palepale, wale wale wakiwa wanasikia, na sufuria ya maharage umbebee wewe.

Mdogo wako aliyekasirika,
Atupele