Shingo ya Besi ya Kwaya

Mjukuu wangu Limbu,

Mwangaluka. Hapa Sapiwi tuko wazima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kama ukaze chuma cha ndani ya shingo ya gitaa la besi kuukuu ulilonunua, maana imepinda.

Nilipokuwa msichana nilipiga besi kanisani. Shingo yake ilipinda, nyuzi zikainuka hadi vidole vikaniuma. Nikachukua spana, nikakaza kwa nguvu bila kulegeza nyuzi. Chuma kikalia "ka!" ndani ya mti. Kwaya nzima ilikuwa na besi hiyo moja.

Mwalimu wetu wa kwaya akaingia. Nikasema, "Mwalimu, nimeivunja."

Akaketi kwenye benchi. "Jana nilikikaza mimi, binti, mpaka kikagoma. Nikaogopa kuwaambia."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ule mlio. Kumbe hata mkubwa huogopa!

Jumapili nilipiga noti za karibu na kichwa cha besi tu, ambako nyuzi hazikuwa zimeinuka sana.

Wewe legeza nyuzi, kigeuze chuma robo mzunguko tu, kisha uiache besi hadi kesho yake. Lakini kwanza muulize aliyekuuzia kama naye alishakikaza. Muulize kwa upole, asije akaogopa kukujibu.

Bibi yako