Tegu Waliolala

4 Mei

Mwanangu,

Nimekuficha jambo kwa miaka: kichwani mwangu wamo tegu. Tukiliacha hilo, mimi sijambo, na natumaini zamu za wodini hazijakumaliza. Kile nilichokuambia ni kizunguzungu cha uzee kilikuwa kifafa. Daktari alinionyesha picha: vifuko vinne, kama punje za mtama. Alisema mayai ya tegu huingia mdomoni kwa mikono michafu. Nilikataa matibabu. Niliona tumezoeana, wao wapangaji, mimi mwenye nyumba.

Sasa shule niliyofundisha itagawa dawa ya minyoo, na wazazi wanaiogopa. Mwalimu Mkuu ameniomba nimeze wa kwanza, mbele yao. Nimekubali. Wewe ndiye daktari: kuna ubaya?

Baba yako

9 Mei

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mume wangu anauliza kama wapangaji hao wanalipa kodi. Mimi sikucheka.

Usimeze. Tegu akiwa hai hujificha. Kinga ya mwili inapita mlangoni bila kumwona. Dawa ikimuua, ganda linavuja, kinga inashtuka na kuivamia maiti, na ubongo unavimba. Vita hivyo ndivyo vinavyoua. Kwanza ulazwe, upewe dawa ya kuzuia uvimbe, ndipo tuwamalize taratibu. Watoto wasio na vifuko kichwani hawana la kuogopa. Mwambie Mwalimu Mkuu ukweli. Najua ubishi wako, Baba. Nijibu haraka.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu, marahaba.

Mwandiko huu ni wa wifi yako; mkono wangu wa kulia umegoma.

Nilipanda juu ya benchi, kidonge mkononi. Mzazi mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, ukianguka sisi tunaondoka!" Nikamjibu, "Nikianguka, nyamazeni, kipindi hakijaisha." Wakacheka. Nikameza, na watoto wakapanga foleni.

Siku chache baadaye nilianguka bafuni. Hapa hospitali wananipa hiyo dawa ya uvimbe, lakini daktari amepunguza maneno, nami namwelewa. Wageni wananisifu kwamba nimejitoa kwa ajili ya watoto. Wifi yako alitaka tukuandikie kwamba barua yako ilichelewa. Nimemkataza.

Ilifika mapema, nikaisoma mara mbili. Watoto sikuwawaza. Nilifundisha watu kunawa mikono maisha yangu yote; niliona aibu wajue.

Baba yako